Uzi maalumu: kuchambua mistari ya hip-hop ya Kiswahili – ngeli, tarehe, sampo na mambo ya ziwani

#1 KinaKirefu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa kuchambua mistari, si wa kubishana nani mkali. Ndiyo maana mistari yote ya mfano humu ni ya kutunga, hakuna wa msanii yeyote. Anayetaka ligi ya nani kamfunika nani, nyuzi zake zimejaa tele huko nje.

Kero yenyewe ni hii: mtu akisikia neno lenye maana mbili, keshatangaza panchi (mstari wa kuchoma wenye mchezo wa maneno). Ukimuuliza maana ya pili imepitia wapi, anakujibu "hip-hop ni kufikiri". Sawa, ila kufikiri kuna breki zake, na kwenye Kiswahili breki ya kwanza ni upatanisho wa ngeli.

Chukua neno mbuzi. Wa kuchinja ni "mbuzi huyu anakula". Ya kukunia nazi ni "mbuzi hii inakuna". Rapa akichana "mbuzi wangu amenoa meno", kile kifaa cha nazi kimeshatoka mchezoni, hata kama meno yanakuita. Akichana "mbuzi hii ina meno", mnyama ndiye katoka. Lakini akisema "Mimi mbuzi, nazi zenu jikoni", hapo hakuna kiambishi kilichoshikamana na mbuzi, kwa hiyo wote wawili wako hai. Na wa tatu anabisha hodi: mbuzi wa marapa wa Marekani, yule aliyetokana na G.O.A.T., herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya bora kuliko wote wa nyakati zote, ambazo zikisomwa pamoja ni "mbuzi" kwa Kiingereza. Rapa LL Cool J aliipa albamu yake ya mwaka 2000 jina la herufi hizo. Mstari wa Kibongo wa mwaka 1995 ukiuchambua kwa mbuzi huyo wa tatu, unamvisha marehemu suti ambayo ilikuwa haijashonwa.

Fundi wa mistari huwa anaficha viambishi makusudi. Sikiliza panchi nzuri utaona zimekaa kwenye majina matupu, au baada ya "ni", "si", "kama", "bila", maneno yasiyodai ngeli. Njia yake nyingine ni kuchagua neno ambalo maana zake zote ziko ngeli moja, na hapo anajiachia kabisa. Mfano:

*Kina chako hakifiki goti, changu kinazamisha meli*

Kina cha maji na kina cha shairi vyote ni ki-/vi-. Hakuna kiambishi kitakachomfukuza yeyote kati yao. "Hakifiki goti" kinamvuta msikilizaji majini, na kwa kuwa anayesema ni rapa, vina vya mistari vinabaki vimesimama pembeni vinacheka.

Karibuni. Mwenye ujuzi wa sampo (kipande cha wimbo mwingine kilichotiwa kwenye mdundo) atupie, mwenye mambo ya kanda yetu ya ziwa atupie.

#2 Mpitaji_tu

Niko paleee siti ya mbele. Anayekuja kubisha aje na daftari.

#3 MtuWaKisumu

Mkuu KinaKirefu, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Breki yako ya ngeli huku kwetu ina pedi zilizoisha. Kisumu mtu atasema "mbuzi yangu imepotea" akimaanisha mnyama mwenye kwato nne, na hajakosea mbele ya wenzake. Ukitumia kipimo chako kwa rapa wa huku, utaua panchi halali au utafufua ambazo hazipo.

Hata huko kwenu "yangu" haiamui peke yake. Mnasema "rafiki yangu amekuja", "mama yangu anapika". Kimilikishi cha i-/zi- kwa mtu, kitenzi cha a-/wa-.

#4 KinaKirefu

Hoja imeingia, nairekebisha. Kitenzi ndicho chenye nguvu kuliko vyote (amepotea / imepotea), kinafuata kionyeshi (huyu / hii), kimilikishi ni cha mwisho na kwa watu na wanyama usikitegemee.

Kuhusu lahaja: kabla ya kutumia ngeli kama ushahidi, sikiliza beti mbili tatu nyingine za rapa huyohuyo. Kama kila mahali anasema "ng'ombe wamelala, mbwa anabweka" halafu kwenye mstari mmoja tu anasema "mbuzi imelala", huo ukiukaji ni wa makusudi na una maana. Kama kila mahali anasema "mbwa inabweka", basi ndivyo anavyoongea, achana na ngeli, nenda kwenye muktadha.

#5 DagaaMchele

Mie natupia nyama ya huku ziwani. Beti fupi ya kutunga, nitaivunja mstari kwa mstari:

*Nimefika saba bila kusita*
*Miaka miwili Butimba, nimetoka na cheti*
*Wenye magamba wabaki, mimi nishapaa*
*Mwezi mpevu, sina haja na karabai*

Mstari wa kwanza wengi mtaukamata: saba bila sita. Lakini angalieni vizuri, "kusita" ni kitenzi, namba sita haivai ku-. Kisarufi kuna maana moja tu, kutosita. Namba inasikika kama mwangwi, na mwangwi huo unaamshwa na jirani yake "saba". Toa saba, weka "nimefika mbali bila kusita", hakuna atakayesikia namba. Mimi huwa natenganisha hivyo: maana inabebwa na sarufi, mwangwi unabebwa na jirani. Mchambuzi akiandika mwangwi, amtaje na jirani aliyeuamsha, la sivyo anabuni.

Mstari wa pili ndio wa wenyeji. Asiyeijua Mwanza atadhani Butimba ni mtaa tu. Pale kuna gereza kuu, na pale pale kuna Chuo cha Ualimu Butimba ambacho kinajulikana kwa kufundisha sanaa, muziki ukiwemo. "Miaka miwili" inafaa kifungo na inafaa kozi ya cheti. "Nimetoka" inavutia gerezani, maana mwanachuo tunasema kahitimu au kamaliza. "Cheti" inavutia chuoni. Maneno mawili yanavuta kamba pande mbili, hakuna linaloshinda, na kwa rapa kusema kwamba jela au shule ya muziki vyote vimempa sifa ya kuchana, mstari umekamilika. Mchambuzi wa Dar akiandika "alifungwa Butimba" na kuishia hapo, kakata samaki nusu.

Wa tatu. Kupaa ni kuruka juu, na kupaa samaki ni kumwondoa magamba. Wengine wanasema kupara. Pita sehemu yoyote wanapouza sato wabichi utaona kazi hiyo: kisu kinapita kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume na magamba yalivyolala, yanaruka kama chenji. Sasa ngeli inasemaje? "Wabaki" ni wa-, na samaki naye ni a-/wa-, kwa hiyo "wenye magamba" wanaweza kuwa samaki na wanaweza kuwa watu. Kama mstari ni wa mwaka 2011 au baada yake, kuna gamba jingine la kisiasa, maana mwaka huo ndipo CCM ilipokuja na kampeni ya "kujivua gamba". Kabla ya hapo gamba ni la samaki, nyoka na mti.

Wa nne ngoja niende taratibu kidogo, maana hapa watu wa nchi kavu hupotea. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawakusanya, wavu unapita chini. Hiyo kazi inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Kwa hiyo "mwezi mpevu, sina haja na karabai" juu juu ni majigambo: mimi mwenyewe ni mwanga. Lakini mvuvi anasikia kingine kabisa: usiku huo hakuna anayevua, mwenye akili yuko nyumbani anashona nyavu. Ni mstari wa majigambo au wa kungoja? Inategemea mstari unaofuata. Kama unaofuata unataja giza kurudi, ni wa kungoja.

Halafu tarehe: karabai ni taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu. Siku hizi taa za betri na za sola zimeenea. Rapa kijana anayetaja karabai leo ama kaisikia kwa wazee, ama anataka mstari uvae vumbi la zamani. Vyote viwili ni habari ya kuandika.

#6 Mpitaji_tu

"Yanaruka kama chenji"... mkuu DagaaMchele wewe mwenyewe uingie studio.

#7 NyakatoKwaMbele

Kuna kitu wachambuzi wanakisahau kabisa: masikio ya Kisukuma. Kwa wasemaji wengi wa huku r na l hubadilishana, na rapa anayejua hilo anapata maneno mawili kwa bei ya moja. Kura na kula. Mahari na mahali. Karamu na kalamu. Mfano wa kutunga:

*Wamekuja kwa kalamu, wameondoka na karamu*

Akiichana kwa lafudhi ya Kisukuma maneno yanakuwa mapacha, na hapo anaweza kuyapindua: kaleta karamu, kaondoka na kalamu. Msikilizaji anaamua.

Kwenye kunakili ndipo balaa linapoanza. Mtu anasikia "mahali pangu ng'ombe kumi", anaona haileti maana, "anasahihisha" kuwa "mahari yangu". Huyo kaua mstari. "Pangu" ni upatanisho wa mahali, umetamkwa wazi, huwezi kuufuta. Rapa kasema mahali, na ng'ombe kumi ndio waliomwamsha jirani yake mahari. Andika kilichotamkwa, mahari iweke kwenye maelezo.

Na usisome mashairi yaliyokwishawekwa mtandaoni kabla hujanakili yako. Ukishasoma, sikio linasikia kile jicho lilichoona. Manukuu yanayojiandika yenyewe kwenye video ndiyo kabisa usiyaguse, kwa maneno ya Kisukuma kama ngosha, wabeja au mwangaluka yanaandika vituko. Zungusha baa (kipande cha mapigo manne) nne nne, andika, pumzika, rudia kesho yake kwa spika tofauti. Maneno yaliyogoma weka nukta, usijaze.

#8 FundiMasafa

Nimesubiri zamu ya biti, yaani mdundo wenyewe. Nitakuwa mrefu, samahanini.

Kabla hujasema "hii imesampo wimbo fulani", tenganisha vitu viwili. Kukata ni kuchukua rekodi yenyewe. Kupiga upya ni wanamuziki kuucheza ule mdundo kwa vyombo vyao. Wimbo uliofungua njia ya rap kwenye redio za Marekani, "Rapper's Delight" wa mwaka 1979, besi yake ni ya "Good Times" ya bendi ya Chic, lakini haikukatwa kwenye sahani, ilipigwa upya na wanamuziki studioni. Kila siku watu wanaandika ni sampo. Kisheria pia ni haki mbili tofauti, ya utunzi na ya rekodi. Aliyepiga upya anadaiwa ya kwanza tu. Kwetu hizo zinasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na mlango wake ni COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini.

Utajuaje kimekatwa? Sikiliza mwisho wa kipande, si mwanzo. Rekodi iliyokatwa ina mwangwi wa chumba chake, na mwangwi huo unakatika ghafla pale kipande kinapojirudia, kama mlango umefungwa mtu akiwa bado anaongea. Sikiliza pia vitu visivyoalikwa: kayamba inayosikika nyuma ya gitaa, pumzi ya mwimbaji, sauti ya "sss" ya kanda ambayo inapanda na kushuka na kipande. Aliyepiga upya hana uchafu huo, isipokuwa kauongeza.

Sasa kutafuta chanzo. Kata sekunde 8 hadi 12 pasipo na sauti ya rapa, mara nyingi ni mwanzoni kabisa au pale biti inapopumua kabla ya beti ya pili. Pima mwendo: hesabu mapigo 16, angalia yamechukua sekunde ngapi, gawa 960 kwa sekunde hizo. Yakichukua 10.67, mwendo ni 90.

Shazam, ile programu ya kutambua nyimbo, peke yake itakugomea kwa sababu inalinganisha alama za masafa, na prodyuza akishapandisha au kushusha sauti, alama hazilingani tena. Kwa hiyo fungua Audacity (programu ya kuhariri sauti) urudishe kasi kinyumenyume. Kila nusu toni moja ya kupandisha kwa mtindo wa sahani inazidisha kasi mara 1.059, tatu ni 1.189, tano ni 1.335. Biti ya 90 iliyopandishwa nusu toni tatu, chanzo chake kilikuwa kama 76. Shusha nusu toni moja moja, kila hatua ijaribu Shazam. Ikigoma mpaka tano, jaribu kupandisha. Ikigoma tena, geuza kipande kirudi nyuma.

Kosa linalorudiwa sana hapa ni kubadili toni bila kubadili mwendo. Biti za zamani kasi na toni vilikwenda pamoja, kama sahani inavyozunguka. Biti za sasa programu inaweza kuvitenganisha, kwa hiyo ukishindwa na njia ya kwanza rudi ufanye ya pili, ila anza na ya kwanza.

Kwa nini biti za mwisho wa miaka ya 80 na za 90 zina ule ukavu wa vumbi? Mashine ya kukatia sampo ya E-mu SP-1200 ilitoka mwaka 1987 ikiwa na nafasi ya kurekodi sekunde 10 tu kwa jumla. Mafundi walipiga sahani ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45 ili kipande kiwe kifupi, wakakirekodi, kisha wakakishusha ndani ya mashine. 45 ukigawa kwa 33 na theluthi ni 1.35, yaani zaidi kidogo ya nusu toni tano. Kila ukishusha hivyo, sauti inaparuza. Ule mchanga unaosikia ni alama ya uhaba wa nafasi, baadaye ukageuka ladha, na leo watu wananunua programu za kuuiga. Kwa hiyo "vumbi" kwenye biti ya leo nalo ni rejea.

#9 KinaKirefu

Mkuu FundiMasafa, na ukitaka kuondoa sauti ya rapa ili kusikia kilicho chini? Wapo wanaogeuza chaneli moja na kuzijumlisha.

#10 FundiMasafa

Inafanya kazi kwa sababu sauti ya rapa mara nyingi iko katikati, sawasawa kushoto na kulia. Ukigeuza upande mmoja na kujumlisha, kilicho katikati kinajifuta. Shida ni kwamba besi na kiki (ngoma nzito ya chini) navyo viko katikati, vinaondoka navyo.

Na kwa sampo za dansi la zamani ni hasara kabisa. Nyimbo za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania enzi zile ni mono, yaani kushoto na kulia ni sauti ileile, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Prodyuza akikata gitaa humo, kipande kinakaa katikati na kinafutika pamoja na rapa. Unabaki na upepo, unaandika "hakuna sampo". Kumbe ulichofuta ndicho ulichokuwa unatafuta.

Siku hizi zipo programu za kutenganisha sauti na vyombo, kama Spleeter na Demucs. Ni bora zaidi, ila zinaacha majimaji kwenye matoazi na wakati mwingine zinameza gitaa la solo zikidhani ni mtu anaimba. Usichukue wanachotoa kama ushahidi wa mwisho, kirudishe kwenye rekodi nzima ukisikilize tena. Na usifanye kazi hii kwa faili iliyobanwa sana ya kutumiana kwenye simu, masafa ya juu yamekwisha kukatwa.

#11 MtuWaKisumu

Sampo ikishajulikana, je, ni maana au ni pambo? Naona watu wanaandika "kachukua wimbo wa msiba, kwa hiyo beti ni ya msiba".

#12 FundiMasafa

Hapo huwa natia shaka kwanza. Biti nyingi zinauzwa zikiwa tayari, prodyuza hajui beti itasema nini. Au rapa kachagua kwa sababu gitaa limemkuna tu. Mie nakubali sampo kuwa maana pale beti inapoligusa lile neno lililokatwa. Yaani wimbo wa asili ulikuwa unasema "nisamehe", prodyuza kakata kabla ya neno hilo, na rapa kaianza beti kwa "sikusamehi". Hapo wanajibizana, na aliyekulia na wimbo wa asili anasikia neno ambalo halipo. Kama beti haigusi chochote, andika chanzo na mwaka, ishia hapo.

Mfano wa kinyume: mdundo wa ngoma wa Gregory Coleman kwenye "Amen, Brother" ya The Winstons, mwaka 1969. Baa nne, takriban sekunde 7. Umekatwa mno duniani kiasi kwamba kuukuta kwenye biti hakukuambii chochote kuhusu "amina" wala kanisa. Ni tofali la ujenzi.

#13 Mwl_Mizani

Wakuu, mmegusa vina bila kugusa mizani, na mizani ndiyo inayosema neno lipi lina mkazo.

Shairi letu la kimapokeo lina mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Baa moja ya rap ina mapigo manne, kila pigo likigawanywa mara nne unapata nafasi 16. Hesabu zimekutana zenyewe. Rapa Fid Q, mtu wa Mwanza, alipoiita albamu yake *Vina Mwanzo, Kati na Mwisho* alikuwa anazungumza lugha ya washairi kabla hujafika kwenye biti. Jaribuni hii:

*Ziwa halina mlango, mwamba hautoi maji*
*Mjini nina mpango, ila bado sina taji*

Kila mshororo 16, hesabuni (m ya mlango ni silabi kamili). Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mikazo ya vina iko kwenye mizani ya 7 na ya 15. Snea, ile ngoma kali ya biti, inagonga pigo la pili na la nne, yaani nafasi ya 5 na ya 13. Ukianza kuchana pale pale baa inapoanza, vina vinachelewa nafasi mbili baada ya snea, na mstari unasikika kama unasoma ubao wa matangazo. Anza nafasi mbili kabla ya baa. "La" na "ma" zinatua juu ya snea zote mbili.

Hii inasaidia kuchambua vipi? Rapa akihamisha mkazo, anaweza kubadili neno. Barabara ya lami mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, baraBAra, kama kawaida. Barabara yenye maana ya sawasawa, mkazo unarudi nyuma silabi moja, baRAbara. Walakini vilevile: kasoro ni walaKIni, na lile la "lakini" ni waLAkini. Kwenye maandishi huwezi kutofautisha, kwenye snea unaweza. Kwa hiyo mkibishana kuhusu "nipo barabara", msibishane kwa karatasi, sikilizeni silabi ipi imegongwa.

Na vina vya vokali ya mwisho tu (maji / juzi / hodi) ni vya bei rahisi kwa lugha yenye vokali tano na karibu maneno yote yanayoishia vokali. Kina kinachoshika toka kwenye mkazo (maji / taji) ndicho kina. Msimpe mtu sifa ya "vina vikali" kwa -i peke yake.

#14 DagaaMchele

Mwalimu hapo mwisho umemgusa mtu.

Niongezee tarehe mbili za kanda hii. Neno kung'atuka tulilipata kutoka Kizanaki kupitia Mwalimu Nyerere, alipoachia urais mwaka 1985. Rapa wa Musoma akisema "sing'atuki, nang'ata", kapangua neno la mzee wa jirani yake. Na mstari wowote wa kusubiri kivuko Busisi una mwisho wa matumizi: daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo "foleni ya Busisi" ilikuwa picha ya kusota ambayo kila abiria wa Sengerema na Geita aliielewa bila maelezo. Atakayesikiliza baada ya miaka kumi atahitaji kuandikiwa.

#15 NyakatoKwaMbele

Nirudi kwenye mstari wa mleta uzi. "Changu kinazamisha meli." Mkuu, kwa Mwanza huo mstari una maana ya tatu ambayo hujaiandika. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, mamia wakafa, na makaburi yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Huku mtu hasikii "kuzamisha meli" kama majigambo.

#16 MtuWaKisumu

Ila kwa kanuni yenu wenyewe, hakuna jirani aliyeiamsha. Hakuna mwezi Mei, hakuna Igoma, hakuna jina la meli. Huo si mwangwi, ni jeraha la msikilizaji.

#17 NyakatoKwaMbele

Jirani si lazima awe neno. Mahali mstari unapochanwa ni jirani pia. Rapa anayejua historia ya mji akiusimamisha mstari huo jukwaani hapa, kaiamsha. Na hatujazoea kupigana kwa mtindo huo. Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vya Wasukuma, wametambiana kwenye ngoma kwa vizazi, wanarushiana nyimbo za kuchoma, lakini kuna visivyochekewa.

#18 KinaKirefu

Nimekubali na nimeufuta. Kwenye maelezo ningeandika hivi: maana ya kwanza kina cha maji, ya pili kina cha mstari, zote zimepita ngeli, ya tatu ajali, haina ushahidi ndani ya beti, ila kwa hadhira ya ziwani haiepukiki. Kila moja na daraja lake, zisichanganywe kapu moja.

Mbadala:

*Kina chako hakifiki goti, changu nanga haigusi chini*

Kina kimebaki, meli haijazama.

#19 Mwl_Mizani

Mkuu, umetega bila kujua. Nanga ni ya meli, na nanga pia ni ala ya nyuzi, ile ya Wahaya iliyochongwa kama hori. Zote i-/zi-, "haigusi" inazipokea zote. Na ala haigusi sauti ya chini, yaani besi. Jirani wake ni kina chenyewe. Imepita vipimo vyote.

#20 Mpitaji_tu

Swali kwa mleta uzi: ulikusudia?

#21 KinaKirefu

Hapana.

#22 MtuWaKisumu

Basi tunaiandika au tunaifuta?